Voy, Fui, Iba: Historia Iliyomo katika Vitenzi Kaidi, kutoka Roma hadi Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Mwanafunzi wa Bujumbura anayeanza kujifunza Kihispania huwa na furaha katika wiki za mwanzo. Akishajua kwamba hablar ni kusema, anaona hablo, hablas, habla, hablamos zikijipanga vizuri: mzizi unabaki palepale, mwisho ndio unaobadilika kufuata nafsi. Kisha anafika kwenye kitenzi ir, yaani kwenda, na mpango wote unavurugika. Ninakwenda ni voy. Nilikwenda ni fui. Nilikuwa nikienda ni iba. Nitakwenda ni iré. Akitafuta mzizi mmoja unaopita katika maumbo hayo yote, hauoni. Akiuliza sababu, jibu analopewa mara nyingi ni fupi: hiki ni kitenzi kisichofuata kanuni, kariri.

Insha hii inapinga jibu hilo. Sisemi kwamba kukariri hakuna faida. Mtihani unataka maumbo na hautaki hadithi yake, na hakuna aliyewahi kuijua lugha bila kurudiarudia. Hoja yangu ni kwamba kitenzi kisichofuata kanuni, ambacho hapa nitakiita kwa kifupi kitenzi kaidi, ni kumbukumbu ya kihistoria kama ilivyo barua ya zamani au jengo la kikoloni. Kina sababu zake na sababu hizo husomeka. Nitaanza na historia ya ir. Kisha nitaonyesha kwamba lugha tunazozijua hapa Burundi, yaani Kirundi, Kifaransa na Kiswahili, zina ukaidi wa aina ileile. Baada ya hapo nitaeleza jinsi wasemaji wa Kihispania walivyokutana na Kiswahili kando ya ziwa letu mwaka 1965. Nitamaliza kwa swali linalotugusa sisi wenyewe: ni nani aliyeamua kwamba ukaidi huu ni sarufi na ule ni kosa?

Vitenzi vitatu katika kimoja

Kihispania ni mtoto wa Kilatini, lugha ya dola ya Roma. Katika Kilatini kulikuwa na kitenzi ire, kwenda, ambacho katika njeo ya sasa kilikuwa kifupi mno: eo, is, it, imus, itis, eunt. Maneno mafupi namna hiyo huwa dhaifu katika usemi wa kila siku. Sauti za Kilatini zilipobadilika karne baada ya karne, maumbo hayo yalikuwa katika hatari ya kumezwa na maneno jirani. Wasemaji wakayaacha, na mahali pake wakaweka maumbo ya kitenzi kingine, vadere, ambacho nacho kilikuwa na maana ya kwenda. Kutoka huko tukapata voy, vas, va, vamos, vais, van.

Ire hakikufa chote. Pale ambapo umbo lake lilikuwa refu kiasi cha kujitetea, lilibaki. Kilatini kilisema ibam kwa nilikuwa nikienda, na Kihispania mpaka leo kinasema iba. Jina la kitenzi, ir, nalo ni la ukoo huohuo, na wakati ujao iré umejengwa juu yake.

Lililobaki ni fui, nalo ndilo linalowashangaza wengi, kwa sababu fui ni pia umbo la wakati uliopita la kitenzi ser, kuwa. Fui estudiante ni nilikuwa mwanafunzi. Fui a Gitega ni nilikwenda Gitega. Umbo ni moja, vitenzi viwili. Chanzo chake ni Kilatini fui, nilikuwa. Je, kuwa kunaweza vipi kugeuka kwenda? Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Mtu akikuambia, "Wiki iliyopita nilikuwa Rumonge," unaelewa mara moja kwamba alikwenda huko. Aliyekuwa mahali ambapo si kwake, alikwenda. Njia hiyo fupi ya fikra ilitosha kukiingiza kitenzi kimoja ndani ya kingine.

Kwa hiyo ir ni kitenzi kimoja kilichoundwa na vitatu. Wataalamu wa lugha hulijua jambo hili, nalo hutokea zaidi katika vitenzi vinavyotumika sana: kuwa, kwenda, kuja, kutoa, kula. Sababu yake si ngumu. Kitenzi kinachosikika mara moja kwa mwaka mtoto hukisahau, na siku akikihitaji hukiunda upya kwa kufuata kanuni. Kitenzi kinachosikika mara mia kwa siku hakisahauliki, kwa hiyo hubeba maumbo yake ya kale hata pale ambapo lugha nzima imeshahama. Ukaidi, basi, ni alama ya kutumika sana.

Mwaka 1492 Antonio de Nebrija alichapisha sarufi ya Kikastilia, lugha ambayo leo tunaiita Kihispania, akaiweka mbele ya Malkia Isabella. Ni mwaka uleule ambao Columbus alivuka Atlantiki. Katika utangulizi wake Nebrija aliihusisha lugha na dola moja kwa moja. Nalitaja hili mapema kwa sababu nitalirudia: sarufi huandikwa na watu, na watu hao huwa upande fulani wa madaraka.

Msaada ulio karibu: Kifaransa na Kirundi

Mwanafunzi wa Burundi haingii katika darasa la Kihispania mikono mitupu. Amesoma Kifaransa tangu shule ya msingi, naye amekwisha kuteseka na kitenzi aller: je vais, nous allons, j'irai. Hapa tena mizizi ni mitatu, na miwili kati yake ni ileile ya Kihispania. Vas na va za Kifaransa zinaandikwa sawa na vas na va za Kihispania. Irai na iré ni ndugu. Hata fue ya Kihispania ina ndugu yake katika il fut, umbo la être ambalo tulikutana nalo katika vitabu vya hadithi. Mwanafunzi anayeambiwa haya siku ya kwanza hujifunza tofauti chache tu. Anayeambiwa "kariri" huanza upya kama mtu ambaye hajapata kuliona neno hilo.

Kirundi nacho kina la kutufundisha. Tunasema ndi, uri, ari, turi, muri, bari kwa hali ya sasa. Lakini kwa wakati ujao tunasema nzoba, na jina la kitenzi ni kuba. Mizizi ni miwili, -ri na -ba, na hakuna Mrundi anayeona ajabu, kwa sababu alivinyonya vyote pamoja na maziwa ya mama. Kiswahili kina jozi hiyohiyo. Tunasema kuwa, alikuwa, atakuwa, lakini pia aliye, walio, iliyo. Ile -li iliyomo ndani ya aliye ni ndugu wa -ri ya Kirundi katika ari. Wataalamu wengi huona pia kwamba kiambishi -li- cha wakati uliopita, kama katika alisoma, kilitokana na kitenzi hichohicho cha kuwa. Kwa maneno mengine, kitenzi cha kale kiligeuka kuwa kiambishi cha njeo, kama vile Wahispania walivyotwaa umbo la kuwa wakalifanya wakati uliopita wa kwenda.

Ukaidi wa Kiswahili

Tunapenda kuwaambia wageni kwamba Kiswahili ni lugha rahisi kwa kuwa vitenzi vyake vinafuata kanuni. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini mgeni akitaka kusema jambo la kwanza kabisa ambalo binadamu husema, kwamba mtu amekuja, anakula, anakunywa au amekufa, anakutana na ukaidi.

Kwa nini tunasema anakuja, amekuja, alikuja, atakuja, lakini akija, asije, haji, huja na akaja? Ile -ku- inatoka wapi na inakwenda wapi? Sababu yake ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kitenzi chenye mzizi wa silabi moja, kama -ja, -la, -nywa au -fa, huusukuma mkazo huo kwenye kiambishi kinachokitangulia. Baadhi ya viambishi, kama -ki-, -si- na -ka-, vinaweza kuubeba. Vingine, kama -na-, -me-, -li- na -ta-, haviwezi, kwa hiyo -ku- ya jina la kitenzi huitwa ije kuubeba. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kirundi, lugha ambamo ararya ni neno kamili na halihitaji msaada, anaweza kuvutwa aseme "anala". Akielezwa habari ya mkazo, hatakuwa na orodha ya kukariri. Atakuwa na kanuni moja.

Tazama basi jinsi historia mbili zinavyofanana. Kilatini kilikuwa na kitenzi kifupi mno, na Kihispania kikakitia nguvu kwa kuazima maumbo ya vadere. Kiswahili kina vitenzi vifupi mno, nacho kikavitia nguvu kwa -ku-. Ugonjwa ni mmoja na dawa ni mbili.

Ukaidi pia huweza kuisha. Sarufi za zamani zilisisitiza amekwenda na amekwisha, kwa sababu -enda na -isha viliwekwa katika kundi la vitenzi vinavyohifadhi ku-. Leo ameenda na ameisha husikika kila mahali, na hakuna anayeshtuka. Wakati huohuo amekwisha kuja imefupishwa ikawa ameshakuja, na hivyo kitenzi kizima kimeyeyuka kikawa kiambishi. Haya yanatokea mbele ya macho yetu, nasi tuna bahati ya kuyaona bila kusubiri miaka elfu.

Wasemaji wa Kihispania kando ya ziwa, 1965

Kihispania na Kiswahili vilikutana karibu na Bujumbura kwa namna ambayo vitabu vyetu vya shule havielezi sana. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, Ernesto Che Guevara na kundi dogo la Wacuba walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma wakatua Kibamba, katika eneo la Fizi, kusini mwa Uvira. Walikuja kuwasaidia waasi wa Kongo dhidi ya serikali ya Léopoldville. Wengine waliwafuata, na idadi yao ikapita mia moja. Waliondoka mwezi Novemba mwaka huohuo bila kufanikiwa.

Bujumbura haikuwa mbali na mambo hayo. Mwaka 1964 viongozi wa uasi wa mashariki ya Kongo walikuwa wakipitia mji huu, na ubalozi wa China hapa ulihusishwa na msaada wao. Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa, na siku chache baadaye Burundi ikasimamisha uhusiano wake na China. Wacuba walipofika ng'ambo ya ziwa, mlango wa Bujumbura ulikuwa umekwisha kufungwa kwa sehemu kubwa.

Kwa mwanafunzi wa lugha, jambo la kuvutia ni majina yao. Ili kujificha walitwaa majina ya Kiswahili, wakaanza na hesabu. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Guevara mwenyewe akawa Tatu. Hesabu zilipoonekana hazitoshi waliongezea maneno mengine, kama Siki na Tembo. Majina ni rahisi kuazima, kwa sababu tatu ni tatu leo, jana na kesho. Lakini mtu haishi na wenzake vitani kwa majina peke yake. Anahitaji kujua tofauti kati ya wamekuja, watakuja na hawaji, na tofauti hiyo yote imo ndani ya kitenzi, tena kitenzi kaidi.

Guevara alijaribu. Alipewa kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, amfundishe Kiswahili na kumtafsiria. Kijana huyo baadaye alikwenda Cuba, akasomea udaktari na kuishi huko. Wacuba nao walikuwa na masomo ya Kiswahili kambini. Lakini katika tathmini aliyoiandika baada ya kushindwa, ambayo ilichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, Guevara alilitaja suala la lugha miongoni mwa udhaifu wake mwenyewe. Alisema kwamba hakujifunza Kiswahili haraka wala kwa kina cha kutosha. Sababu aliyoitoa ni ya kutufikirisha: alijua Kifaransa. Kwa Kifaransa aliweza kuzungumza na viongozi, na kwa kuwa aliweza kuzungumza na viongozi hakusukumwa kujifunza lugha ya askari wa kawaida.

Si sahihi kudai kwamba vita vile vilishindwa kwa sababu ya vitenzi. Silaha, mafarakano ya viongozi, askari wa kukodiwa wa upande wa pili na mabadiliko ya siasa ya Afrika vilikuwa na uzito zaidi. Lakini maelezo yake yanabaki kuwa ushahidi mzuri wa jinsi lugha zinavyogawana kazi katika ukanda huu. Kifaransa kilimfikisha kwa wakubwa na kumwacha mbali na walio wengi. Mtu anayetembea leo kutoka ofisi za katikati ya mji wa Bujumbura hadi mitaa ya Buyenzi huona mgawanyo unaokaribiana sana na huo, ingawa hapa Kirundi kinawaunganisha watu kwa namna ambayo Kifaransa hakiwezi.

Nani aliketi mezani?

Sasa narudi kwenye lile nililolisema kuhusu Nebrija. Kiswahili sanifu nacho kina wakati na mahali pa kuzaliwa. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali lahaja ya Unguja iwe msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaanzishwa Kamati ya Lugha ya maeneo manne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Yote manne yalikuwa chini ya Waingereza. Ruanda-Urundi ilikuwa chini ya Wabelgiji, nao tangu 1925 walikuwa wameiunganisha kiutawala na Kongo. Kwa hiyo Usumbura, mji ambao Kiswahili kilikuwa kikisemwa sokoni, bandarini na misikitini, haukuwa na kiti katika kamati hiyo. Fizi, Uvira na Bukavu pia hazikuwa nacho.

Matokeo yake tunayo hadi leo. Njoo ni umbo kaidi kabisa: kanuni haituambii kwa nini amri ya kuja iwe njoo. Lakini kwa kuwa limo katika sarufi ya Unguja, tunalifundisha kama Kiswahili safi, nami sina ugomvi nalo. Mashariki ya Kongo wengi husema kuya badala ya kuja, na eko badala ya yuko. Maumbo hayo pia yana historia na kanuni zake, na wasemaji wake ni wengi. Hata hivyo darasani tunayaita makosa. Ukipima kwa ukaidi peke yake, njoo ni kaidi kuliko kuya. Kilichoyatenganisha hakikuwa mantiki ya lugha bali mipaka ya kikoloni ya miaka ya 1920.

Kuna atakayesema kwamba hoja hii ni ya hatari: tukiyakubali maumbo yote, mwanafunzi wa Burundi atafeli mbele ya mwenzake wa Tanzania, na wasomaji wa Mombasa hawataelewa tunachoandika. Nakubali uzito wa pingamizi hilo. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 tunahitaji lugha moja ya maandishi kuliko wakati wowote, na mimi mwenyewe ninaandika insha hii kwa Kiswahili sanifu ili isomeke kokote. Ninachodai ni kidogo zaidi. Mwalimu anaweza kumwambia mwanafunzi wa Buyenzi, "Katika maandishi sanifu tunaandika hivi," bila kumwambia, "Wazazi wako hawajui Kiswahili." Sentensi ya kwanza ni ya kweli. Ya pili si ya kweli, na ndiyo inayowafanya vijana wanyamaze darasani katika lugha wanayoisema vizuri nyumbani.

Hitimisho

Mwaka 2003, Umoja wa Afrika ulipopitisha mabadiliko ya hati yake ya msingi, Kihispania na Kiswahili viliorodheshwa pamoja miongoni mwa lugha rasmi za Umoja. Kihispania kina wasemaji wake barani, hasa Guinea ya Ikweta, nchi iliyopata uhuru mwaka 1968. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bujumbura anayehangaika na voy, fui na iba hajifunzi lugha ya ng'ambo tu.

Nimejaribu kuonyesha kwamba kuhangaika kwake kunaweza kupunguzwa. Ir ni vitenzi vitatu vilivyounganishwa kwa sababu zinazoeleweka. Kifaransa alichokisoma kinampa nusu ya maumbo hayo, na Kirundi na Kiswahili vinampa mifano ya jambo lilelile. Faida inarudi pia upande wa pili: aliyeelewa kwa nini Wahispania wana fui ataelewa kwa nini sisi tuna anakuja na akija, na hatawacheka wanaosema kuya.

Kazi iliyobaki ni yetu wanafunzi. Wazee wa Buyenzi na wa Rumonge wanasema Kiswahili ambacho hakijaandikwa katika sarufi tunazozitumia. Tungeweza kuanza na vitenzi vichache tu, kuwa, kwenda, kuja, kula na kufa, tukarekodi jinsi vinavyosemwa katika kila nafsi na kila njeo, mtaa kwa mtaa. Hiyo ni kazi ya daftari na simu ya kurekodia, haihitaji fedha nyingi. Ikifanyika, kamati yoyote itakayokaa siku zijazo kujadili Kiswahili cha ukanda huu itakuwa na maandishi kutoka Bujumbura mbele yake, jambo ambalo ile ya 1930 haikuwa nalo.